Wimbo Mrefu wa Komunyo

Nijmegen, 20 Januari 1986

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Na kifua je? Tafadhali usinijibu "kifua kipo" kama mara ya mwisho. Najua kipo, nauliza kinaendeleaje. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole, maana baridi ya huku inapita kwenye glavu kana kwamba sijavaa kitu.

Nina habari. Nimeingia kwenye kundi la waandishi la parokia ya wanafunzi. Tuko saba. Kila Jumanne tunakutana kwenye chumba cha chini nyumbani kwa Padre Ruijs, mlezi wetu, tunakunywa chai yake mbaya, kisha kila mmoja anaandika juu ya imani yake na kuwasomea wenzake kwa sauti. Sharti ni moja tu: maneno ya katekisimu ni marufuku. "Andika kitu kitakachokugharimu," ndivyo anavyotuambia. Yuko msichana mmoja wa kaskazini, Wendelien, mwenye jibu kwa kila jambo. Aliandika jinsi anavyosali huku akiosha vyombo. Padre akamwuliza, "Na hiyo imekugharimu nini, sabuni?" Hata yeye mwenyewe alicheka.

Maandishi yetu yatatoka kwenye kijitabu cha Kwaresima. Wiki iliyopita nilisoma yangu. Nimeandika juu ya kinanda. Nilipomaliza hakuna aliyesema neno, hata Wendelien. Padre alivua miwani akasema, "Hiki ndicho nilichokuwa nakiomba." Baba, watu wazima walinyamaza kwa sababu ya maneno yangu! Nimetembea na furaha hiyo wiki nzima kama mtu aliyeficha keki kwenye koti.

Wasalimie wanakwaya, na kuku pia.

Binti yako akupendaye,
Lies

*

Mergelrode, 27 Januari 1986

Mwanangu Lies,

Milele amina. Barua yako imefika ikiwa na doa la chai, nikajua mara moja haitoki serikalini. Umeuliza kifua kinaendeleaje. Kinaendelea. Kuku wawili hawatagi na wa tatu anajifanya mgonjwa ili asisumbuliwe, nami namwelewa.

Kwaya inajifunza Misa ya Pasaka, na hali ni ile ile unayoijua. Ijumaa, Mjomba wako Wiel aliingia mapema kwenye Utukufu. Nikamwambia mwanakwaya mwenzake, Jeu, amwambie Wiel kwamba besi zimewahi. Jeu akamwambia. Wiel akamwambia Jeu aniambie kwamba besi hazikuwahi, kinanda changu ndicho kilichochelewa. Jeu akanigeukia aniambie. Sote watatu tulikuwa tumesimama mahali ambapo ungeweza kututandikia kitambaa kimoja cha meza. Jeu anasema mwaka huu atadai posho ya tarishi.

Nimefurahi kwamba unaandika. Mama yako angekuwepo, saa hizi angekuwa ameshaingia nyumba ya tatu na barua yako mkononi. Mimi si mtu wa kutembeza habari, lakini nilishindwa kujizuia, nikamwambia Baba Paroko Ploum kwamba binti yangu anaandika mambo ya imani, tena ameandika juu ya kinanda. Alifurahi kama vile yeye ndiye aliyekufundisha kusoma. Anaomba kijitabu kikitoka umtumie nakala. Usisahau, maana ataniuliza kila Jumapili mpaka nizeeke.

Utakuja kwa kanivali? Nitaoka vlaai, pai ya cheri, ile isiyoungua sana.

Baba

*

Nijmegen, 14 Februari 1986

Baba mpendwa,

Natumaini umeamka salama na majivu yametoka kwenye paji la uso. Mimi sijambo. Nisamehe kwa kutokuja kanivali, kazi ya kijitabu ilitubana. Tulikuwa tunakunja na kubana kurasa mpaka vidole vikauma.

Kimetoka. Wanafunzi wanakisoma hata kwenye mkahawa. Msichana mmoja ambaye sikumjua, anaitwa Hedwig, alinifuata maktaba akaniambia kwamba kwa sababu ya ukurasa wangu amerudi Misani baada ya miaka miwili. Alinishika mkono na kulia, nami nikalia, na mkutubi akatutoa nje sote wawili.

Nakala ya Paroko nimeituma, kama alivyoomba. Ya kwako nitakuletea mwenyewe Pasaka. Hakuna haraka. Pengine nitataka kukueleza mambo mawili matatu kabla hujaisoma. Sikuweka jina, nimeweka herufi tu, L. C.

Vaa skafu.

Binti yako,
Lies

*

Mergelrode, 24 Februari 1986

Lies,

Sikuulizi hali.

Jana, baada ya komunyo, Paroko Ploum alisimama kwenye kipaza sauti akatangaza kwamba badala ya tafakari yake tutasikia maneno ya mtoto wa kijiji hiki, na kwamba sote tuna haki ya kujivunia. Hakuwa ameyasoma kabla. Nilimsikia akianza kuyaelewa kwenye sentensi ya tatu, sauti ikapungua. Lakini alikuwa ameshaanza, na Ploum hajui kusimama katikati.

"Namjua mtu anayempigia kinanda Mungu asiyemwamini tena. Tangu alipomzika mke wake hajapokea komunyo. Kwaya ikishuka kwenda kupokea, yeye anapiga wimbo mrefu, anaurefusha mpaka wa mwisho arudi mahali pake, ili asiwepo wa kumwuliza kwa nini hashuki. Mimi nilikuwa namfungulia kurasa za nota. Mimi tu ndiye ninayejua."

Sasa wanajua wote.

Kwa miaka ishirini na tisa, kutoka kwenye roshani ya kinanda nimekuwa nikiviona visogo vyao. Jana waligeuka wakanitazama, kanisa zima. Wanakwaya walitazama viatu vyao. Mjomba wako alinitazama mimi.

Wimbo wa mwisho sikupiga. Walitoka kimya. Leo asubuhi nimerudisha ufunguo wa kinanda sakristia.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Usipige simu.

Hubert Crombach

*

Nijmegen, 26 Februari 1986

Baba yangu,

Najua umesema nisipige simu. Nimepiga, inaita tu. Naandika kwa kuwa barua huwezi kuikata, ingawa kuichana unaweza.

Nisamehe. Nilidhani herufi mbili zinatosha kukuficha, kana kwamba Mergelrode kuna mpiga kinanda mwingine aliyefiwa. Nilidhani kijitabu ni cha wanafunzi, na Paroko atakisoma kwenye kiti chake akiwa na kahawa, basi. Hivyo ndivyo ningependa kusema. Lakini nimejihoji tangu jana na si kweli yote. Ulipoandika kwamba Paroko anataka nakala, nilisita. Nilikaa na bahasha. Nikajiambia kwamba labda akisoma atakuja kuzungumza nawe, na utarudi kwenye imani, na itakuwa ni kwa sababu yangu. Halafu nilitaka asome. Nilitaka mtu wa nyumbani ajue kwamba naandika vizuri.

Padre Ruijs alisema tuandike kitakachotugharimu. Mimi niliandika kitakachokugharimu wewe.

Ulipomalizia barua kwa jina lako lote, nilifikiri kwanza umetuma barua ya mtu mwingine.

Mwanao,
Lies

*

Nijmegen, 5 Machi 1986

Baba,

Unakula? Kifua je? Niambie tu "kifua kipo", nitashukuru.

Siku zinapita na sanduku la barua lina matangazo ya viatu. Nimefikiria jambo. Nitamwandikia Paroko kwamba yale yote niliyatunga, kwamba ni hadithi, na hakuna mtu kama huyo. Aisome Jumapili kwenye kipaza sauti kile kile. Watu watasema nimekosa adabu, na ni sawa, kwa kuwa nimekosa. Wewe urudi kwenye kinanda chako.

Nipe ruhusa tu. Barua nimeshaiandika, iko mezani.

Lies wako

*

Mergelrode, 10 Machi 1986

Lies,

Kifua kipo.

Hiyo barua ya Paroko itie kwenye jiko. Ulikwisha kusema uongo mmoja kanisani bila kujua. Usiongeze wa pili kwa kujua.

Ndiyo, uongo. Siyo habari ya komunyo, hiyo ni kweli tupu, sijashuka tangu tumzike mama yako. Watu wa Misa ya Jumamosi jioni walidhani napokea Jumapili, na wa Jumapili walidhani napokea Jumamosi. Lakini ulisema simwamini Mungu tena. Hilo nani alikuambia? Ulinifungulia kurasa miaka mingapi, na hukuniuliza hata siku moja.

Sasa nitakuambia. Ulikuwa na miaka kumi na minne, na siku ya mazishi ulikuwa jikoni na shangazi zako, ukikata vlaai. Mimi nilikuwa ukumbini na waombolezaji. Wiel alisimama na kikombe chake mbele ya watu wote akasema, "Dada yangu angekuwa hai kama usingemtoa hospitali." Mama yako Tonia aliomba mwenyewe arudi nyumbani, Lies. Aliomba kufia kwenye kitanda chake, akitazama bustani yake. Lakini sikueleza. Nilimwonyesha Wiel mlango, na nilimsindikiza kwa maneno ambayo sitayaandika kwenye karatasi utakayoisoma. Tangu siku ile hatujasemezana bila Jeu.

Na Injili unaijua kuliko mimi, umesomeshwa. Ukifika altareni na ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako pale, nenda kwanza ukapatane naye. Wengine wakisikia hivyo wanakohoa kidogo na kuendelea na foleni. Mimi sikuweza. Anasimama hapo, mgongo wake ninaweza kuugusa kwa kiwiko, nampa noti yake ya kuanzia kila wimbo, halafu niende nikaupokee Mwili wa Bwana kama vile hakuna kitu? Nilisema nitashuka siku atakayonijia. Hakuja. Nikaendelea kurefusha wimbo.

Kwa hiyo unaona. Nimekaa na njaa miaka sita kwa kuwa naamini, na binti yangu ameutangazia ulimwengu kwamba siamini. Wiel naye sasa anasema, Jeu kaniletea, "Nilijua tangu zamani hana Mungu, ndiyo maana alimtoa hospitali."

Umeandika vizuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ungeandika ovyo, watu wangekohoa wakasahau.

Pasaka kaa huko na wenzako. Siwezi kukukaribisha kwa tabasamu, na bila tabasamu sitaki.

Baba yako

*

Nijmegen, 17 Machi 1986

Baba,

Sitauliza hali yako leo kwa sababu najua jibu, na mimi ndiye chanzo chake.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nimeketi nikaisoma tena. Nilikuwa kati yenu, Baba. Kwa mkono wa kulia nilikuwa nakufungulia kurasa, na mkono wa kushoto ungeweza kushika koti la Mjomba. Niliona hamsemezani. Nikafikiri ni ukaidi wa wazee, nikacheka na wengine. Niliona hushuki. Nikafikiri ni imani imekwisha. Vitu viwili vilikuwa mbele ya macho yangu na sikuvikutanisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshapata hadithi iliyonipendeza.

Jumanne niliwaambia wenzangu. Siri yako sikuitoa, niliahidi moyoni kwamba neno lako moja halitatoka tena kinywani mwangu. Nilisema tu kwamba nilichoandika juu ya mtu yule si kweli, kwamba sikumwuliza. Wendelien akasema, "Lakini kilitugusa," kana kwamba hilo linatosha. Padre Ruijs akasema na yeye angepaswa kuniuliza kama mtu huyo anajua kwamba ameandikwa. Hedwig, yule aliyerudi Misani, alinifuata nje. Akaniuliza, "Basi mimi nilirudi kwa ajili ya uongo? Nitoke tena?" Nilisimama pale na baiskeli yangu kama mjinga. Mwishowe nikamwambia abaki, lakini asibaki kwa ajili yangu.

Kuna jingine, na nakuomba usione kwamba nakubana. Jana Jumapili sikupokea. Nilikuwa kwenye foleni, nikafikiri juu yako. Nikarudi kwenye benchi. Watu wanapita wakiruka magoti yangu, wengine wananong'ona. Mimi sina kinanda cha kujificha nyuma yake. Kuna mtu ana neno juu yangu, tena neno la haki, na mpaka hapo litakapokwisha nitakaa. Sasa najua ilivyokuwa kwako, ingawa mimi nimeonja Jumapili moja tu, na wewe umekula sahani nzima.

Pasaka nitabaki huku kama ulivyosema. Uandishi nimeuacha.

Mwanao aliyekukosea,
Lies

*

Mergelrode, 24 Machi 1986

Mwanangu Lies,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini unakula, na sizungumzii kanisani tu.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi nikiwa na mayai mkononi. Kwanza nilikasirika. Nikasema, huyu mtoto ananitekenya pabaya, anajua nitakosa usingizi. Halafu nikakosa usingizi. Mimi njaa hiyo nimeizoea, imekuwa kama goti bovu, natembea nayo. Lakini kwamba na wewe umekaa kwenye benchi na watu wanaruka magoti yako, tena kwa ajili yangu, hapana. Siku tatu nilizunguka humu ndani nikigombana na kuku. Nilitaka kukuandikia, "Usiwe mkaidi, simama ukapokee, wewe nani mpaka umngoje mtu?" Nikachukua kalamu kabisa. Ndipo nikasikia kwamba maneno hayo yananihusu mimi.

Jana ilikuwa Jumapili ya Matawi. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, nikachukua matawi mawili yaliyobarikiwa. Moja nimelipeleka kwa mama yako kaburini. La pili nimelipeleka kwa Wiel.

Nisikudanganye, hakufungua. Niligonga. Nikagonga tena. Pazia la sebuleni lilicheza, na nikasikia kile kikohozi chake cha besi. Nikasema kupitia tundu la barua, "Wiel, ni Hubert. Tonia aliomba mwenyewe kurudi nyumbani. Ningepaswa kukueleza siku ile. Na yale niliyokuambia mlangoni, samahani." Mke wa jirani alikuwa dirishani, akiosha kioo ambacho hakikuwa kichafu. Tawi nimeliingiza kwenye kitasa nikaondoka. Leo asubuhi nimepita tena kwenda kununua mkate nisiouhitaji. Tawi halipo. Huenda amelichukua, huenda ni upepo.

Nilimwuliza Ploum kama kwenda bila kufunguliwa kunahesabika. Maskini, tangu siku ile hawezi kuniona bila kuwa mwekundu. Akasema, "Hubert, urudi tena kwake baada ya Pasaka, na tena baada ya hapo. Lakini Pasaka hii ushuke ule, umekonda." Basi nitashuka.

Sasa wewe. Unataka kujua kama nimekusamehe. Siku nyingine ndiyo. Siku nyingine naingia dukani kwa Fien, watu wanaacha kuzungumza, na hapo hapana. Huo ndio ukweli, na nadhani wewe na mimi tumechoka na kitu kingine chochote. Ukingoja nimalize kabisa utazeekea kwenye hilo benchi. Simama upokee. Nakuambia mimi mwenye neno juu yako.

Na kalamu usiitupe. Ila ukiandika juu ya mtu, kwanza mpigie simu.

Njoo Jumamosi. Treni ya mchana, nitakungoja stesheni. Kuhusu tabasamu sina ahadi, ila vlaai ipo.

Nina ombi moja. Pasaka anapiga kinanda mwalimu wa kijiji cha pili, mimi sijawa tayari kupanda kule. Nitakuwa chini na watu. Kila familia ina benchi lake, na mimi, Lies, baada ya miaka yote hii, sijui letu ni lipi. Mama yako alikuwa akikaa mahali fulani upande wa kushoto. Kutoka juu nilikuwa naiona kofia yake tu. Wewe ulikaa naye kabla hujaanza kunifungulia kurasa.

Njoo unionyeshe.

Baba